Uzi: Kabla hujanunua boti ya kuishi kwenye mifereji ya Uingereza, itazame chini ya mstari wa maji

Mleta uzi

Wana jamvi, nawasalimu nyote. Katika miezi ya karibuni nimeulizwa swali moja na watu wengi, hasa ndugu zetu wa London, Birmingham na Manchester ambao kodi ya nyumba imewaelemea: je, kununua boti nyembamba na kuishi ndani yake mferejini ni jambo la busara? Ninaishi katika boti ya namna hiyo kwa mwaka wa nane sasa, katika mifereji ya katikati ya Uingereza, na kwa kuwa majibu ya kwenye simu hayatoshi, nimeona niyaweke hapa kwa urefu.

Kwa asiyeifahamu, hii ni boti ya chuma, ndefu kama behewa la treni na nyembamba kama ujia. Upana wake ni futi 6 na inchi 10, yaani takriban mita 2.08, na urefu wake unaweza kufika futi 70 hivi. Yangu ina futi 57, urefu unaoiwezesha kupita karibu kila mahali. Mtu mzima akisimama katikati ya sebule na kunyoosha mikono, vidole vyake hukaribia kugusa kuta zote mbili. Upana huo una historia. James Brindley, mhandisi aliyesanifu mfereji wa Trent and Mersey, ambao ulianza kuchimbwa mwaka 1766 na kukamilika mwaka 1777, alikubali loki zenye upana wa futi 7 tu, kwa sababu loki nyembamba hutumia maji machache na handaki jembamba hupunguza gharama ya kuchimba. Loki ni chumba cha mawe au matofali chenye milango mizito mbele na nyuma, ambacho hujazwa maji au kupunguzwa ili boti ipande au ishuke kilima. Mifereji mingi ya eneo hilo ikafuata kipimo hicho, na hadi leo mwenye boti pana amejifungia mwenyewe sehemu kubwa ya safari. Zamani boti hizi zilivutwa na farasi aliyetembea kandokando ya maji, zikibeba makaa ya mawe na udongo wa viwanda vya vyombo vya Stoke, na baadaye, reli ilipokata mapato ya mabaharia, wengi wao walihamisha familia nzima kwenye kijumba kidogo kilichoko tezini, yaani nyuma ya boti.

Neno langu kubwa katika uzi huu ni moja: unaponunua boti hii, unanunua chuma kilicho chini ya maji. Jiko, vitanda, hata injini, vyote vinaweza kubadilishwa taratibu kadiri mfuko unavyoruhusu, lakini chuma kikiliwa, huna boti. Wauzaji wanajua kwamba mnunuzi akiingia na kuona jiko la kuni, mapazia na mbao zilizopigwa vanishi, moyo wake hulainika. Boti ya kwanza niliyoipenda ilikuwa hivyo hasa, nami nilitaka kulipa siku ile ile. Mke wangu ndiye aliyeshikilia kwamba ipandishwe nchi kavu kwanza na kukaguliwa na mtu tuliyemlipa sisi wenyewe.

Ubavu wa boti ile ulijengwa kwa bati la milimita 6. Mkaguzi alianza kwa kuugonga kwa nyundo akisikiliza mlio, kisha akakwangua lami mahali mahali, akapaka ute kidogo, akagusisha kipimo cha mawimbi ya sauti na kusoma namba huku mimi nikiandika kwenye daftari: 5.4, 5.1, 4.9. Alipofika karibu na tezi, penye mstari wa maji, alinyamaza, akapangusa kwa kitambaa, akapima tena. Namba ilikuwa 3.2. Kampuni nyingi za bima hazipendi kuona chini ya milimita 4, na dawa yake ni kuchomelea bati jipya juu ya lile la zamani, kazi ambayo ni ghali na huongeza uzito wa chombo. Tuliiacha. Fedha tuliyomlipa mkaguzi ilituuma siku mbili tu, lakini boti ile ingetuuma miaka yote.

Mchangiaji wa London

Mkuu, ahsante kwa mada hii. Mimi ninafanya kazi ya zamu za usiku huku mashariki mwa London, na kila siku ninaona boti zimeegeshwa kwenye mto Lea na mfereji wa Regent's. Nimeambiwa kwamba ukishakuwa na boti hulipi kodi yoyote na unaegesha popote unapotaka. Je, ni kweli?

Mleta uzi

Si kweli, ndugu yangu, na ni vyema umeuliza kabla ya kutoa fedha. Mifereji na mito mingi ya England na Wales, jumla ya kilomita 3,200 hivi, iko chini ya Canal & River Trust, taasisi ya hisani ambayo ilichukua nafasi ya British Waterways, shirika la serikali, mwaka 2012. Ili upate leseni yao unahitaji bima, cheti cha usalama wa boti ambacho hukaguliwa upya kila baada ya miaka 4, na ama uwe na gati lako la kudumu, ama ukubali kuwa msafiri asiye na gati. Wengi huvutiwa na hilo la mwisho kwa sababu linaonekana kuwa ni bure. Sheria ya mwaka 1995 inasema kwamba mtu wa namna hiyo lazima aitumie boti kwa safari ya kweli, na asikae mahali pamoja mfululizo kwa zaidi ya siku 14, isipokuwa pawe na sababu ya msingi; na penye kibao cha muda mfupi zaidi, hufuatwa kibao. Kusogea mita 200 na kurudi hakuhesabiwi kuwa ni safari, na wapo watu waliokataliwa leseni mpya kwa sababu hiyo. Aidha, tangu Aprili 2024 wasafiri wasio na gati wanalipa nyongeza juu ya ada ya kawaida, na nyongeza hiyo imepangwa kupanda mwaka hadi mwaka.

Sasa fikiria zamu zako. Umetoka kazini alfajiri, umechoka, na leo ndiyo siku ya 14. Lazima uwashe injini, usafiri saa kadhaa kwa mwendo usiozidi kilomita 6.4 kwa saa, utafute nafasi katika jiji ambalo boti zimefungwa mbilimbili ubavu kwa ubavu, upitie kwenye bomba la maji ya kunywa, umwage kinyesi cha choo mahali palipotengwa, kisha ndipo ulale. Jioni kituo chako cha treni kimeshabadilika. Mimi ningekushauri utafute gati kwanza, ulipate kwa maandishi, na liwe gati linaloruhusu kuishi muda wote, kwa sababu mengi hayaruhusu. Boti iwe ya pili.

Mchangiaji wa Lamu

Nimeufuata uzi huu kwa hamu kwa sababu nimezaliwa katika ufundi wa vyombo, ingawa vyetu ni vya mbao. Sisi tunakipandisha chombo maji ya bamvua yakijaa, tunakiacha kipwelewe, tunakikalafati kwa pamba iliyolowekwa mafuta, na chini tunapaka shahamu iliyochanganywa na chokaa ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Je, chuma chenu katika maji baridi kinahitaji nini, na baada ya muda gani?

Mleta uzi

Shikamoo, fundi. Nimekulia Pangani, kwa hiyo umenikumbusha harufu ya ufukwe wa nyumbani.

Shahamu yetu ni lami. Kwa kawaida boti hupandishwa kila baada ya miaka 2 au 3. Kwa kuwa mferejini hakuna kujaa wala kupwa, hatuwezi kusubiri bahari itufanyie kazi, hivyo chombo huingizwa katika chelezo ambamo maji hutolewa, au huinuliwa kwa winchi. Siku ya kwanza huoshwa kwa maji ya nguvu, maana tope na kome wadogo hukauka haraka na kung'ang'ania kama saruji. Kisha huja brashi ya waya na chuma cha kukwangulia, na hii ndiyo kazi yenyewe, kwani lami iliyopakwa juu ya kutu hubanduka pamoja na kutu. Baada ya hapo hupakwa mikono miwili au mitatu, na mstari wa maji hupewa mkono mmoja zaidi, kwa sababu hapo chuma hukutana na maji na hewa kwa pamoja, na hapo ndipo kutu hula kwa pupa. Lami inahitaji siku za kukauka vizuri kabla ya boti kurudi majini, na mwenye haraka ataiona inaelea nyuma yake kama ngozi ya nyoka. Pia dizeli huiyeyusha lami, kwa hiyo unapojaza tangi, kila tone linaloteremka ubavuni lifutwe pale pale.

Wapo wanaotumia rangi ya epoksi yenye michanganyo miwili, ambayo hudumu zaidi, lakini haikubali kupakwa juu ya lami. Chuma chote lazima kipigwe mchanga hadi king'ae. Kwa boti mpya ningeshauri hivyo. Kwa boti ya zamani yenye tabaka za lami za miaka 30, sioni haja.

Jambo ambalo vyombo vya mbao havilijui ni umeme. Tunachomelea ubavuni, karibu na omo (mbele ya boti) na tezi, vipande vya magnesiamu ambavyo huliwa na maji badala ya chuma cha boti, na havipakwi rangi kamwe, kwa sababu vikifunikwa haviwezi kufanya kazi yake. Ukiunganisha boti na umeme wa gatini, waya wa ardhi hukuunganisha na boti zote za jirani, na kama jirani yako hana magnesiamu, yako ndiyo itakayowalinda wote hadi iishe, kisha zamu ya kuliwa iwe ya ubavu wako. Kifaa kidogo cha kuzuia mkondo huo, kinachofungwa kwenye waya wa ardhi, ni lazima. Niliwahi kuona magnesiamu ya miaka miwili gatini imebaki ukubwa wa kipande cha sabuni kinachotupwa.

Mchangiaji wa Leicester

Kaka, nashukuru kwa maelezo. Mimi ni mama wa watoto wawili, na mume wangu ameishikilia sana fikra hii. Ninachoogopa ni baridi na moto. Je, watoto wanaweza kulala salama ndani ya chuma wakati wa theluji?

Mleta uzi

Dada yangu, hofu yako ni ya mtu mwenye akili timamu, na ningependa mumeo asome jibu hili pamoja nawe.

Joto si tatizo kubwa. Jiko la makaa yasiyotoa moshi linaweza kuiweka boti joto usiku kucha, na wengi huongeza hita ya dizeli yenye rejeta. Tatizo ni hewa. Makaa yanayoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na chumba cha boti ni kidogo kiasi kwamba hupati muda wa kugundua. Tangu Aprili 2019 boti zenye malazi haziwezi kupata cheti cha usalama bila kengele ya kugundua gesi hiyo. Mimi ninazo mbili, moja karibu na jiko na nyingine pale tunapolala, na ninazijaribu kila Ijumaa. Matundu ya hewa yaliyo milangoni na darini yasizibwe kwa matambara hata baridi iwe kali namna gani. Nimewaona watu wanaoyaziba, na ninawaambia bila kuona haya.

Gesi ya kupikia nayo ina tabia yake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haitoki dirishani bali hushuka hadi ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, na kukaa huko ikingoja cheche. Ndiyo maana mitungi huwekwa katika sanduku la peke yake lenye matundu yanayotoka nje, juu ya maji. Wazee wetu wanasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na katika boti hii maneno hayo ni ya kweli kabisa: maji, mafuta na gesi, vyote hukusanyika huko. Fungua vifuniko vya sakafu mara kwa mara, uguse kwa mkono. Pakiwa na maji, usikaushe tu, tafuta yalikotoka.

Pia mpeleke mumeo akaone unyevu. Watu wanne wanaopumua na kupika ndani ya chuma hutoa mvuke mwingi, nao hugeuka matone kwenye madirisha na nyuma ya magodoro. Ikiwa watoto wana pumu, ningewashauri mkodishe boti wiki mbili za Januari kabla ya kuamua. Watu hukodi Julai, wakaona mabata na maua, kisha wakanunua.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Nimeona video za loki hizo. Mwenye boti hufanya yote peke yake, au kuna wafanyakazi?

Mleta uzi

Katika loki nyingi ni wewe mwenyewe na hendeli yako ya chuma. Unazungusha meno ya kufungulia vilango vidogo, maji yanaingia au kutoka, takriban lita laki moja kwa loki nyembamba, na pande zote zikiwa sawa unasukuma boriti ya mlango kwa mgongo. Pale Tardebigge, kwenye mfereji wa Worcester na Birmingham, kuna loki 30 mfululizo, na pale Caen Hill, karibu na Devizes, ziko 29. Maji ya mifereji mingi hutoka kwenye mabwawa ya juu, na ndiyo maana ukame wa mwaka 2025 ulifunga sehemu za mfereji wa Leeds na Liverpool.

Hatari iko wakati wa kushuka. Chini ya milango ya juu kuna kizingiti cha mawe kinachoingia ndani ya loki, nacho hakionekani loki ikiwa imejaa. Mara nyingi kuna mstari mweupe ukutani unaoonyesha kinapoishia. Tezi ikibaki juu ya kizingiti huku maji yakishuka, omo huendelea kuzama, na ndani ya dakika chache boti inaning'inia kama ubao uliokaa kwenye ngazi. Boti zimezama hivyo. Mke wangu akiwa kwenye usukani na mimi juu na hendeli, hatuzungumzi habari nyingine yoyote. Ananyoosha mkono kuonyesha kwamba amevuka mstari mweupe, ndipo ninapofungua, tena nusu kwanza. Akipaza sauti, ninashusha vilango vya chini mara moja, kisha ninafungua vya juu ili maji yarudi.

Mchangiaji wa Muscat

Mkuu, umetueleza makosa ya wengine. Je, wewe mwenyewe umewahi kukaribia kuipoteza boti?

Mleta uzi

Ndiyo, na kosa lilikuwa langu. Nyuma ya boti, juu ya rafadha (feni ya chini ya maji inayoisukuma boti), kuna tundu lenye kifuniko kizito ambacho hukazwa kwa pingo la chuma na skurubu. Ukiipata rafadha imesokotwa na mifuko, nguo au waya, unazima injini, unatoa ufunguo na kuutia mfukoni, unafungua kifuniko na kuingiza mkono ndani ya maji hadi begani. Mwaka wangu wa pili, jioni moja ya Novemba karibu na Birmingham, nilikata blanketi zima kwa kisu nikiwa nimepigwa na baridi hadi vidole havisikii. Nilirudisha kifuniko, nikaweka pingo, lakini skurubu sikuikaza hadi mwisho. Niliwasha injini na kuondoka.

Rafadha inapozunguka hurusha maji juu kwa nguvu. Baada ya kama dakika tano niliona usukani umekuwa mzito na tezi imekaa chini kuliko kawaida. Nilipofungua chumba cha injini, maji yalikuwa yamefika chini ya kapi na mkanda wa feni ulikuwa unayarusha kwenye betri. Pampu ya ngama ilikuwa inafanya kazi, lakini ilikuwa inazidiwa. Nilizima injini, maji yakaacha kuingia, na mke wangu akaivuta boti ukingoni kwa upondo na kamba. Tulifua maji kwa ndoo hadi saa nne usiku. Tangu siku hiyo nikishakaza ninakigusa kifuniko kwa kiganja, kisha ninawasha injini na kutazama kwa tochi dakika nzima kabla ya kutia gia.

Palepale nyuma kuna sehemu nyingine inayohitaji uangalizi wa kila siku, yaani pale shafti, chuma kinachozungusha rafadha, inapotoka nje. Imezungushiwa pakingi na girisi. Kila jioni, injini ikishazimwa, ninazungusha kikombe cha girisi hadi kikaze. Tone moja moja wakati wa safari si tatizo. Mtiririko ukiwa hauachi hata boti ikiwa imefungwa, kaza nati za pakingi kwa robo mzunguko, pande zote mbili sawasawa, na ukizidisha shafti itapata moto.

Mchangiaji wa London

Mkuu, nimesoma yote mara mbili. Nimepata boti ya futi 50 kule Rugby, na mwenye nayo anayo ripoti ya ukaguzi ya miaka mitatu iliyopita, anasema inatosha. Nimepata pia nafasi katika orodha ya kusubiri gati. Nifanyeje?

Mleta uzi

Umefanya vyema kuanza na gati. Ripoti hiyo ipokee na uisome, kwa sababu inakuonyesha chuma kilivyokuwa miaka mitatu iliyopita, na ukilinganisha na vipimo vipya utajua kinaliwa kwa kasi gani. Lakini isichukue nafasi ya ukaguzi wako. Mwombe muuzaji kwa heshima boti ipandishwe kwa gharama yako, mkaguzi awe wa kwako, na fedha ya arubuni itolewe kwa maandishi kwamba utarudishiwa iwapo vipimo havitaridhisha. Akikataa, muage. Akikubali, nijulishe tarehe. Rugby si mbali na nilipoegesha, nami nitakuja na kitambaa cha kupangusia na daftari la kuandika namba.